Kifaa cha Kuonyesha Mahali: Anayeanza Anunue Kipi?

Mwezi uliopita shemeji yangu aliniomba nimsindikize kukitazama kiwanja chake huko Kisarawe. Alikuwa amekinunua miaka minne nyuma, kimekwisha kupimwa, na siku aliyokabidhiwa alisimama juu ya kila jiwe la mpaka akaziandika namba zilizoonyeshwa na simu yake. Tangu siku hiyo mvua nyingi zilikuwa zimenyesha, majani yameota, na jiwe moja kati ya manne halikuonekana tena. Shemeji hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alitoa mfukoni simu yake mpya, akaingiza zile namba, akaanza kutembea huku macho yake yako kwenye kioo. Nasi tukamfuata. Simu ilituvusha pale tulipodhani ni mpaka, ikatuingiza katika ua wa jirani, ikatusimamisha kando ya mafiga ya mama mmoja aliyekuwa akipika.

"Shikamoo mama," shemeji akasema. "Samahani sana, lakini jiwe langu la mpaka liko hapa jikoni kwako."

Mama yule aliitikia marahaba, akafunika sufuria yake, akamwita mumewe. Mzee alitoka ndani polepole, akatusikiliza mpaka mwisho bila kutukatiza. Kisha akachukua jembe, akaturudisha nyuma hatua chache hadi chini ya mkorosho, akapiga mara tatu nne, na jiwe likalia. Tulipopima kwa futi kamba, tulikuta mita sita kutoka jiwe hadi mafiga. "Mwanangu," mzee akamwambia shemeji, "simu yako ni nzuri, lakini haijui kulima."

Tulicheka sote, tukaombana radhi, tukanywa maji, tukaondoka kwa amani. Lakini njiani nilifikiri juu ya mambo yalivyoweza kuwa. Laiti mzee yule angekuwa na hasira za haraka, au laiti shemeji angekuja na fundi wa kujenga ukuta, tungekuwa na kesi ya ardhi iliyozaliwa na kioo cha simu.

Tulipofika mjini shemeji alikuwa amekwisha kukata shauri: simu imemdanganya, sasa anataka kununua kifaa chenyewe, kile cha mkononi ambacho watu wa misitu na wanyama pori hutembea nacho. Akaniuliza, "Wewe mtu wa magazeti, ninunue kipi?" Najua kwamba si yeye peke yake anayeuliza swali hilo. Wapo wafanyakazi wenye mashamba nje ya mji, wapo vijana wanaopanda milima siku za mapumziko, wapo wenye ndugu wavuvi. Kwa hiyo juma hili tulizungumze jambo hili kwa utaratibu, ili fedha ya jasho isipotee bure.

KIFAA HUSIKILIZA, HAKISEMI

Kwanza tuelewe kifaa hiki hufanya kazi gani, maana mnunuzi asiyejua kazi ya chombo humwamini kila muuzaji. Watu wengi hudhani kwamba kifaa huiuliza setilaiti "Niko wapi?" nayo humjibu. La hasha. Kifaa hakitamki neno lolote. Husikiliza tu, kama redio yako isikilizavyo taarifa ya habari.

Juu yetu, kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, zinazunguka setilaiti za mfumo wa Marekani uitwao GPS. Kila moja imebeba saa za atomiki, nayo hutangaza usiku na mchana mambo mawili: saa kamili na mahali ilipo. Kifaa kilicho mkononi mwako hulinganisha saa iliyotangazwa na saa ambayo tangazo limepokewa, na tofauti hiyo ndiyo muda wa safari. Kwa kuwa mawimbi ya redio husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde moja, muda ukijulikana, umbali nao umejulikana. Mtoto anayehesabu tangu umeme wa radi umulike hadi ngurumo isikike, ili ajue mvua iko mbali kiasi gani, anafanya hesabu ya namna hiyohiyo.

Kifaa huhitaji kuzisikia setilaiti zisizopungua nne. Umbali wa tatu ungetosha kuonyesha mahali, lakini saa iliyomo katika kifaa chako ni ya bei ndogo, nayo inahitaji setilaiti ya nne ili isahihishwe. Hili si jambo dogo, kwani saa ikikosea sehemu moja tu ya milioni ya sekunde, umbali hukosea kwa mita 300.

Mfumo huu ulianza kama chombo cha kijeshi. Setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 1978. Baada ya ndege ya abiria ya Korea ya Kusini kupotea njia na kutunguliwa na ndege ya kivita ya Kisovieti mwezi Septemba 1983, serikali ya Marekani ilitangaza kwamba raia wa nchi zote wataruhusiwa kuutumia. Kifaa cha kwanza cha mkononi kwa ajili ya raia, Magellan NAV 1000, kiliingia sokoni mwaka 1989. Hata hivyo matangazo ya kiraia yalikuwa yakivurugwa kwa makusudi, hivi kwamba mtu aliweza kukosea hadi mita 100, mpaka uvurugaji huo ulipokomeshwa mwezi Mei 2000. Leo GPS haiko peke yake. Warusi wanao GLONASS, Umoja wa Ulaya unao Galileo, na Wachina wanao BeiDou, ambao ulikamilika kwa dunia nzima mwaka 2020.

Katika maelezo hayo mafupi yamo mafunzo matatu kwa mnunuzi. La kwanza, kujua mahali ulipo hakulipiwi ada. Muuzaji akikwambia kwamba utalipa kila mwezi ili usome namba za mahali ulipo, muage kwa heri. Vipo vifaa vya aina nyingine vinavyotuma ujumbe wa maandishi kupitia setilaiti, na hivyo kweli hulipiwa, lakini hiyo ni kazi tofauti. La pili, kifaa lazima kiione mbingu. Chini ya bati, chini ya mwembe mzito, au katikati ya maghorofa ya Posta, matangazo hayafiki vizuri, au hufika baada ya kugonga kuta, na kifaa hukosea zaidi. La tatu, kifaa kinachosikiliza tu hakimwambii mtu yeyote mahali ulipo. Ukipotea msituni ukiwa nacho, wewe utajua uliko, lakini nyumbani hawatajua. Waage kabla ya kuondoka.

ANZA NA ULICHO NACHO

Sasa tuje dukani. Au tuseme, tusiende dukani kwanza. Ushauri wangu wa awali kwa anayeanza ni huu: usinunue kitu. Simu janja uliyo nayo aghalabu ina kipokezi ndani yake, na simu nyingi za siku hizi husikia mifumo zaidi ya mmoja. Itumie kwa mwezi mzima kabla hujatoa hata senti.

Wengi huamini kwamba simu haiwezi kuonyesha mahali bila bando. Si kweli. Mtandao huisaidia simu kuzipata setilaiti upesi, na huleta picha ya ramani kwenye kioo. Setilaiti zenyewe hazihitaji mtandao. Kwa hiyo pakua ramani ya mkoa unaokwenda ukiwa bado mjini, kisha zima data, toka uwanjani, ngoja dakika chache, nawe utaona alama yako ikitokea. Zipo programu zisizolipiwa zinazotumia ramani ya wote iitwayo OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na inayochorwa na watu wa kujitolea duniani kote. Jiji la Dar es Salaam limefaidika sana na kazi hiyo. Kuanzia mwaka 2015, kwa mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wananchi wa kata zinazokumbwa na mafuriko walitembea mtaa kwa mtaa wakichora nyumba, vichochoro na mifereji ambayo haikuwamo katika ramani yoyote.

Ukitumia simu kwa mwezi, utaujua udhaifu wake kwa macho yako mwenyewe. Betri huisha upesi kioo kikiwa kimewaka mfululizo. Jua la saa sita hukifanya kioo kisisomeke. Mikono yenye maji au udongo haitambuliwi. Na ikianguka juu ya mwamba, hasara ni ya simu pamoja na namba zote za jamaa zako. Ikiwa mambo hayo hayakusumbui, kwa maana safari zako ni za saa mbili tatu na unarudi nyumbani jioni, basi umekwisha kupata kifaa chako. Fedha uliyokusudia kutumia, lipia ada ya mtoto.

NANI ANAHITAJI CHA MKONONI?

Kifaa cha mkononi ni cha mtu anayekaa mbali na umeme kwa siku kadhaa, au anayefanya kazi palipo na maji, vumbi na mitikisiko: mfuga nyuki mwenye mizinga iliyotawanyika porini, mvuvi anayetafuta tena mwamba uleule wenye samaki, mpanda mlima, bwana shamba anayezunguka vijiji. Ikiwa wewe ni mmoja wao, yatazame mambo haya kwa mpangilio huu, na usikubali muuzaji akugeuzie mpangilio.

La kwanza ni betri. Chagua kinachotumia betri ndogo za AA, zilezile za saa ya ukutani na rimoti, kwa sababu hupatikana hata katika duka la kijiji. Vifaa vya kawaida vya namna hiyo hufanya kazi saa 20 hadi 25 kwa betri mbili, na vingine zaidi. Kifaa chenye betri ya ndani inayohitaji chaja ni kizuri mjini, lakini siku ya tatu porini kinaweza kuwa mzigo tu. Unapokiweka kabatini kwa muda mrefu, toa betri, maana zikivuja hula vyuma vya ndani.

La pili ni kioo. Usikitazame chini ya taa za duka. Mwombe muuzaji mtoke nje juani. Kioo kilichotengenezwa kwa ajili ya porini husomeka vizuri zaidi kadiri jua linavyokipiga, hata taa yake ikiwa imezimwa. Kisichosomeka mlangoni pa duka hakitasomeka Manyoni.

La tatu ni vibonye. Kioo cha kugusa hupendeza, lakini mvuvi mwenye mikono iliyolowa na magamba ya samaki huhitaji vibonye vya kubonyeza. Vibonyeze vyote dukani, kimoja kimoja.

La nne ni maji. Tafuta alama ya IPX7 katika maelezo yake. Maana yake ni kwamba kifaa kimepimwa ndani ya maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Hiyo inatosha kwa mvua na kwa kuteleza mtoni. Haina maana kwamba kitaelea, kwa hiyo kifunge kamba shingoni.

La tano, kiwe kinasikia mfumo zaidi ya mmoja, yaani GPS pamoja na GLONASS, Galileo au BeiDou. Penye miti au mabonde, ambapo sehemu ya mbingu imefichwa, kuwa na setilaiti nyingi za kuchagua ndiyo tofauti ya kupata mahali na kukosa.

La sita, kiweze kufanya mambo manne ya msingi: kuhifadhi alama za mahali na kuzipa majina, kuandika njia uliyopita ili urudi kwa njia hiyohiyo, kukuelekeza kwenye alama uliyochagua, na kukuruhusu ubadili namna ya kuandika namba. Hilo la nne nitalieleza hivi punde.

Yasiyostahili fedha ya anayeanza ni kamera, muziki, kumbukumbu kubwa kupita kiasi, na kipima hewa cha kuonyesha kimo. Hata dira ya ndani si lazima, maana kifaa kisicho nayo huonyesha mwelekeo maadamu unatembea. Dira ya kawaida yenye sindano, isiyohitaji betri, iwe mfukoni pamoja na ramani ya karatasi. Chombo chochote cha umeme huzimika siku moja, na siku hiyo haichaguliwi na mwenye chombo.

Na kwa anayenunua kilichotumika, kuna mtihani mmoja ambao wauzaji wengi hawaujui. Mfumo wa GPS tangu mwanzo uliyahesabu majuma kwa hesabu inayofika 1,024, kisha hurudi sifuri. Ulirudi sifuri mwezi Agosti 1999, ukarudi tena mwezi Aprili 2019, na utarudi mwezi Novemba 2038. Vifaa vya zamani ambavyo havikuandaliwa kwa jambo hilo huonyesha tarehe ya nyuma kwa miaka 19 na miezi kadhaa. Kwa hiyo kiwashe uwanjani, kipe muda wa robo saa, kwa sababu kifaa kilicholala siku nyingi huhitaji dakika 12 na nusu ili kupokea orodha nzima ya setilaiti, kisha soma tarehe. Tarehe ikiwa ya miaka ishirini iliyopita, kifaa huenda bado kinaonyesha mahali sawasawa, lakini ni kizee kisicho na mtengenezaji wa kukitazama tena. Bei na ishuke, au ukiache.

NAMBA ZILEZILE, MAHALI TOFAUTI

Nimeahidi kueleza namna ya kuandika namba. Hapa ndipo wanaoanza hupotea, hata wenye kifaa cha bei kubwa.

Mahali huandikwa kwa nyuzi za latitudo na longitudo. Dar es Salaam ipo karibu na nyuzi 6 na dakika 48 kusini, nyuzi 39 na dakika 17 mashariki. Lakini uzi mmoja una dakika 60, si 100. Ukiiandika nyuzi 6 na dakika 48 kama 6.48, umekosea, iliyo sahihi ni 6.80. Uzi mmoja wa latitudo ni kilomita 111 hivi, basi kosa hilo la nukta moja linakupeleka kilomita 35 kutoka unakokwenda. Na ukisahau kuandika kusini, au ile alama ya kutoa ambayo simu hutumia badala yake, umevuka ikweta: namba hizohizo kwa upande wa kaskazini ziko katika nyanda za juu za Bale, kusini mwa Ethiopia.

Kioo pia hupenda kujivuna kwa tarakimu. Katika nyuzi za desimali, tarakimu ya tano baada ya nukta ni mita 1 na ushee. Kifaa kinachoonyesha tarakimu saba hakijui mahali zaidi. Kinaonyesha tu sentimita ambazo hakina uwezo wa kuzipima. Andika tano, inatosha.

Wanaotumia ramani za serikali za karatasi, zile za kipimo cha 1:50,000, watakuta namba za mita katika utaratibu uitwao UTM. Nchi yetu imegawanyika katika kanda tatu. Dar es Salaam, Morogoro na Arusha zimo katika kanda ya 37, Dodoma, Tabora na Mwanza katika kanda ya 36, na mji wa Kigoma katika kanda ya 35. Zaidi ya hayo, ramani hizo zilichorwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, ilhali setilaiti hutumia msingi mwingine uitwao WGS 84. Usipokibadilisha kifaa kifuate msingi wa ramani, namba za ramani na za kifaa zitatofautiana kwa kiasi cha mita 300, kaskazini na kusini. Mita mia tatu porini ni tofauti ya kukipata kisima na kulala na kiu. Ndiyo maana nilisema kifaa kiwe na uwezo wa kubadilishwa. Mwulize muuzaji akuonyeshe Arc 1960 katika orodha ya kifaa chake. Asipoijua, itafute wewe.

KUTAFUTA NA KUGAWA

Sasa turudi Kisarawe, chini ya mkorosho.

Shemeji alisema simu imemdanganya. Mimi nasema simu haikusema uongo. Simu ya kawaida, ikiwa uwanjani penye mbingu wazi, huonyesha mahali ndani ya mita 5 hivi kutoka mahali halisi. Siku ya kwanza simu ya zamani ilikosea mita chache upande mmoja. Siku ya pili simu mpya ilikosea mita chache upande mwingine, na mkorosho nao ukaongeza lake. Makosa mawili madogo yakajumlishwa, yakafika jikoni kwa watu.

Je, kifaa cha mkononi cha bei kubwa kingelikuwa bora? Kidogo, lakini si kwa kiasi alichotarajia. Kifaa cha kawaida cha mkononi hukosea mita tatu, nne, tano, karibu sawa na simu. Vipo vipya vinavyosikia masafa mawili kutoka kila setilaiti, navyo hupunguza kosa, hasa mjini penye kuta. Hata hivyo kiwanja cha mtu wa kawaida kina upande wa mita 20. Kosa la mita 5 ni robo ya upande huo. Ni chumba kizima cha kulala. Majirani wawili wakiwa na vifaa viwili, kila mmoja mwaminifu, kila mmoja ana namba zake alizozisoma kwa macho yake, wanaweza kushtakiana mpaka wazeeke.

Mpima ardhi naye hutumia setilaiti zizi hizi. Lakini yeye huweka kipokezi kimoja mahali panapojulikana barabara na kingine penye jiwe, kisha hutumia kosa la kile cha kwanza kusahihisha cha pili, na hufikia sentimita chache. Vyombo vyake, elimu yake na leseni yake ndivyo unavyolipia, na karatasi yake ndiyo inayotambuliwa na sheria.

Basi neno langu kubwa la juma hili ni hilo, na ningependa kila aliyesoma hadi hapa alishike hata kama mengine yote atayasahau. Kifaa cha mkononi, kiwe simu au kiwe cha bei ya ng'ombe, ni cha kutafuta. Si cha kugawa. Kitakufikisha kiwanjani, shambani, kisimani, kwenye mzinga wa nyuki na kwenye mwamba wa samaki. Kikishakufikisha, weka kifaa mfukoni, utumie macho, jembe na maneno mazuri. Jiwe likiwa limepotea kabisa, mwite mpima ardhi pamoja na jirani yako na viongozi wa serikali ya mtaa, na mambo yafanyike mchana mbele ya wote.

Kabla ya kununua lolote, ninawapa kazi ya nyumbani, nayo ni nzuri kwa familia nzima siku ya Jumapili kama ya leo. Simameni mbele ya nyumba, mahali pasipo na mti, muweke alama ya chaki chini. Saa tatu asubuhi mtoto mkubwa asome namba za simu ya baba na kuziandika daftarini. Saa saba mchana asome wa pili. Saa kumi na moja jioni asome mama. Fanyeni hivyo kwa siku tatu. Kisha chukueni karatasi ya hesabu yenye miraba, mchore nukta zote tisa, kila mraba ukiwa mita moja. Mtakuta nukta hazikukaa mahali pamoja, ingawa alama ya chaki haikusogea. Upana wa nukta hizo ndio ukweli wa kifaa chenu, na hakuna muuzaji atakayewaambia kwa ufasaha zaidi.

Shemeji amekwisha kuifanya kazi hiyo. Nukta zake zilitawanyika kwa mita saba kutoka moja hadi nyingine. Hakununua kifaa. Alinunua mifuko miwili ya saruji, akaenda Kisarawe akamkuta mzee nyumbani, wakalizungushia lile jiwe kizingiti kidogo cha zege ili lisifukiwe tena na udongo, wala hawakulisogeza hata kwa unywele. Mama alipika.